Minyoo Duara ya Wanyama: Kutoka Farasi wa Msafara hadi Mbuzi wa Tabora

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, akiifuata njia ya misafara iliyopita Ugogo hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Pamoja na wapagazi na punda alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Farasi huyo hakufika mbali. Alikufa Kingaru, katika nchi zilizo karibu na pwani, na maziko yake yakazusha ugomvi, maana mkuu wa mahali pale alidai alipwe nguo kwa kuwa mzoga ulifukiwa katika ardhi yake bila idhini. Kwetu sisi jambo kubwa zaidi ni kwamba mzoga huo ulipasuliwa. Stanley ameandika kwamba tumboni walikuta minyoo 25 mifupi, minene na myeupe, iliyoung'ang'ania ukuta wa tumbo mithili ya ruba, na kwamba utumbo ulikuwa umejaa minyoo mirefu myeupe.

Taarifa hii ni fupi, lakini mwanafunzi wa biolojia anaweza kuchota mengi ndani yake.

Ile mifupi, yaelekea haikuwa minyoo hata kidogo. Wako nzi wa jenasi ya Gasterophilus ambao hubandika mayai yao juu ya manyoya ya farasi. Farasi ajirambapo, mabuu huingia kinywani, kisha hukaa tumboni miezi minane hadi kumi yakiwa yamejishikiza kwa kulabu za mdomoni. Mwili wa buu la nzi umegawanyika katika pingili. Mnyoo duara, ambao wataalamu huuita nematoda, hauna pingili. Mwili wake ni laini na umechongoka ncha zote mbili. Ile mirefu ya utumboni yafanana sana na mnyoo duara uitwao Parascaris, ambao jike lake huweza kupita sentimita 30.

Hapa inatupasa kuifahamu kanuni moja ambayo husahauliwa mara nyingi, hata darasani. Bakteria mmoja akiingia mwilini huweza kuzaa maelfu humo humo. Minyoo tunayoizungumzia haifanyi hivyo. Jike hutaga mayai kwa wingi, lakini mayai hayo sharti yatoke na kinyesi na kukomaa nje. Kwa hiyo kila mnyoo mzima uonekanao tumboni ulimezwa peke yake, ukiwa yai au kiluwiluwi. Kuihesabu minyoo ya mnyama ni kuhesabu mara alizoambukizwa.

Yai la Parascaris lina ganda nene lenye kunata, na huweza kuishi miaka kadhaa katika udongo wa zizi. Likimezwa, kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, hupita katika ini na mapafu, hukoholewa, kisha humezwa tena. Hupita wiki kumi au zaidi kabla jike halijaanza kutaga. Farasi wa Sultani alikuwa bara kwa wiki chache tu. Basi minyoo yake mirefu, au sehemu kubwa ya hiyo, yaelekea aliipata banda alimotoka, wala si njiani. Msafara haukumpa minyoo. Yeye ndiye aliyeibeba, akayamwaga mayai yake kila kambi alimofungwa.

Je, minyoo ndiyo iliyomwua? Hatuwezi kuthibitisha. Njia ile ilipita katika nchi za mbung'o, na nagana iliwamaliza farasi wengi wa wasafiri; David Bruce alionyesha uhusiano wa mbung'o na ugonjwa huo katika miaka ya 1890 tu. Kinachoonekana kwa macho sicho lazima kilichoua.

Tukifika sasa Tabora yenyewe, mnyoo unaotuhusu zaidi ni Haemonchus contortus wa mbuzi na kondoo. Huishi katika tumbo la nne na kunyonya damu. Jike lake hutambulika upesi likiwa bichi: utumbo mwekundu uliojaa damu umezungukwa na mirija myeupe ya uzazi, kama kamba ya nyuzi mbili. Mnyoo mmoja humpotezea mnyama kiasi cha mililita 0.05 za damu kwa siku. Mbuzi mwenye minyoo 5,000 hupoteza mililita 250 kila siku, na mbuzi wa kilo 25 ana damu ipatayo lita moja na nusu tu. Dalili zake ni kope kupauka na uvimbe wa maji chini ya taya.

Jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Penye joto na unyevu viluwiluwi hufikia hatua ya kuambukiza katika muda wa wiki moja hivi, ndipo hupanda majani kwa kufuata utando wa umande. Wengi hawapandi juu sana. Hubaki chini, karibu na shina la nyasi. Ndiyo maana mbuzi alaye majani ya vichaka vya miombo huambukizwa kidogo kuliko yule aliyefungwa kamba akaguguna nyasi za mahali pamoja.

Jaribio lake ni rahisi. Vunjavunja kinyesi kibichi cha mbuzi, kitie katika chupa ya kioo, kinyunyizie maji kidogo, funika bila kukaza, na uweke kivulini siku saba hadi kumi. Kisha chukua matone yaliyo kwenye ukuta wa chupa uyatazame kwa hadubini: utawaona wakijipindapinda. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Mvua za Tabora hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo jua huwakausha viluwiluwi malishoni, na mnyoo huvuka kiangazi ndani ya mbuzi, mara nyingi ukiwa kiluwiluwi kilicholala katika ukuta wa tumbo. Mtu angedhani basi kwamba Oktoba ndio wakati wa kuwanywesha dawa mbuzi wote. Shauri hilo lilitolewa sana, na lina hatari yake. Wakati huo karibu minyoo yote iko matumboni. Dawa ikiipiga yote, itakayosalia ni ile isiyodhurika na dawa, na mvua za kwanza zitapokea mayai ya hiyo peke yake. Usugu wa namna hii umekwisha kuonekana katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mifugo wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi ya kulinganishia kope za mnyama: aliyepauka hupewa dawa, na mwenye kope nyekundu huachwa na minyoo yake michache.