Somo la 14: Miti Yetu Inakwenda Wapi?

Mninga, mpingo, mkongo na mvule ni miti ya mbao ngumu. Mbao zake ni nzito, na zinadumu. Lakini miti hii hukua polepole. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Msumeno huuangusha kwa muda mfupi tu.

Mbao hizi hupendwa hata nchi za mbali. Katika somo hili tutasoma habari za biashara ya mbao ngumu kati ya Tanzania na China. Tutaona pia kijiji kinavyoweza kulinda haki yake.

Kwa nini China inanunua mbao nje?

Mwaka 1998 mto Yangtze wa China ulifurika. Watu zaidi ya 3,000 walikufa. Serikali ya China iliona kwamba sababu moja ya maafa hayo ni kukatwa kwa misitu ya milimani, mto unakoanzia. Milima ikiwa mitupu, maji hayana wa kuyazuia.

Basi China ikazuia ukataji wa misitu yake ya asili katika sehemu nyingi. Kufikia mwaka 2017 ukataji wa kibiashara katika misitu hiyo ulikuwa umesimamishwa nchi nzima. Lakini viwanda vya samani havikufungwa. Viliendelea kuhitaji mbao. Wafanyabiashara wakazitafuta katika nchi nyingine, na Tanzania ikawa mojawapo.

Daraja na magogo

Zamani safari ya kwenda Kilwa na Lindi ilikuwa ya taabu. Magari yalivuka mto Rufiji kwa kivuko. Wakati wa masika njia haikupitika. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa. Wananchi wa kusini walifurahi sana. Mazao, wagonjwa na wasafiri walivuka bila shida.

Lakini njia ya watu ni njia ya magogo pia. Malori yalianza kubeba magogo mengi kutoka Rufiji, Kilwa, Liwale na Nachingwea kwenda bandarini. Katika miaka ya 2004 hadi 2006 Serikali ilitoa amri za kuzuia magogo yasipelekwe nje. Hata hivyo, mengi yalipita kwa magendo.

Daftari mbili zisizolingana

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalochunguza biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa taarifa. Lililinganisha daftari za nchi hizi mbili kwa mwaka 2004. Mazao ya mbao ambayo China iliandika kuwa yameingia kutoka Tanzania yalikuwa mara 10 ya yale ambayo Tanzania iliandika kuwa yametoka.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mzigo mkubwa ulitoka bila kuandikwa wala kulipiwa ushuru. Taarifa hiyo ilikadiria kwamba Taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka. Fedha hizo zingejenga shule na zahanati nyingi.

Vijiji vya Kilwa

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutunza na kuuza mazao yake. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilifanya hivyo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Cheti hicho huonyesha kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu mzuri.

Hapo awali gogo moja la mpingo liliwapatia wanakijiji kiasi cha senti 8 tu za dola. Baada ya kupata cheti, walitazamia dola 19 au zaidi kwa gogo. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni mpango, na nani anayeuza.

Sheria za dunia

Tangu mwaka 2017 mpingo hauwezi kuvuka mipaka kama gogo au mbao bila kibali cha mkataba wa dunia unaoitwa CITES. Mwaka 2022 nchi za mkataba huo ziliamua kuongeza mninga na mkongo wa Afrika. Nayo sheria ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2020, inakataza kununua mbao ambazo mnunuzi anajua zimepatikana kwa njia haramu. Kwa hiyo karatasi halali zina thamani hata mwisho wa safari.

Tupime gogo

Mbao huuzwa kwa mita za ujazo. Asiyejua kupima hupunjwa. Fanya hivi:

1. Pima upana wa gogo kwa mita, kupitia katikati. Gawa kwa 2.
2. Zidisha jibu hilo kwa lenyewe.
3. Zidisha kwa 3.14.
4. Zidisha kwa urefu wa gogo.

Mfano: Gogo lina upana wa sentimeta 40, yaani mita 0.4. Urefu wake ni mita 5.
0.4 ÷ 2 = 0.2
0.2 × 0.2 = 0.04
0.04 × 3.14 = 0.1256
0.1256 × 5 = 0.628

Gogo hilo ni mita za ujazo 0.628. Mnunuzi akiandika upana wa sentimeta 30, hesabu itatoa 0.353 tu. Kwa sentimeta 10 zilizofichwa, kijiji kimepoteza zaidi ya theluthi moja ya gogo. Kwa hiyo kamati ya maliasili ishike utepe wa kupimia yenyewe. Iandike kila gogo katika daftari, ihakikishe limegongwa nyundo, na idai stakabadhi. Kisha mapato yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Maneno ya kukumbuka

magendo: biashara ya kificho, isiyolipiwa ushuru
kupunjwa: kupewa chini ya haki yako
stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zimelipwa

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini China ilizuia ukataji wa misitu yake?
2. Daraja la Mkapa lilileta faida gani? Lilileta hatari gani?
3. Gogo lina upana wa sentimeta 60 na urefu wa mita 4. Lina mita za ujazo ngapi?
4. Je, kijiji chetu kina msitu? Nani anatunza daftari lake? Mara ya mwisho lilisomwa lini mbele yetu?