SOMO LA LEO: Bibi Aenda Kumwona Tembo



Wahenga walisema, tembea uone. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuona wanyama wa Serengeti. Je, sisi wa Musoma, Butiama na Bunda, tulio majirani zao, wangapi tumekwenda kuwaona? Wengi wetu tunamjua tembo kwa nyayo zake tu, asubuhi, shambani, mahindi yakiwa yamelala chini.

Leo nitawaeleza safari ya familia yangu. Soma polepole. Mwishoni kuna maswali.

Bibi akataa kwenda

Ilikuwa mwezi wa Juni. Tulichanga fedha kidogo kidogo tangu Januari, tukakodi basi dogo. Tulitoka Musoma alfajiri, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu. Tulipita Butiama kumchukua dada yangu na mumewe. Halafu tukaenda Bunda kumchukua mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi.

Bibi alikuwa amekaa nje, kanga begani. Lakini hakuinuka. Alisema, "Mwanangu, mwaka jana tembo walikula ekari nzima ya mahindi yangu kwa usiku mmoja. Leo nitoe hela nikamwangalie mwizi wangu?"

Sikuwa na jibu. Alisema kweli. Basi mjukuu wake mdogo akamshika mkono akasema, "Bibi, twende ukamseme." Bibi akacheka, akapanda gari.

Langoni

Tuliingia kwa lango la Ndabaka. Lango hili liko kusini ya mji wa Bunda, kando ya barabara kuu ya kwenda Mwanza. Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje. Chukua kitambulisho chako, na uulize ada kabla ya kuondoka nyumbani.

Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Pale langoni alitusomea masharti kwa sauti, neno kwa neno. Nayo ni haya:

1. Usishuke garini ila mahali paliporuhusiwa.
2. Usiwape wanyama chakula.
3. Usipige kelele wala honi.
4. Usitupe takataka.
5. Gari lisizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa.

Dereva wetu alisema, "Sawa, mama, nimesikia." Siku ile hakuna aliyethubutu kuvunja sharti hata moja!

Bustani na hifadhi

Mtoto mmoja aliuliza, "Baba, mbona wanyama hawamo ndani ya uzio?" Hilo ni swali zuri.

Katika bustani ya wanyama, mnyama hufungiwa na binadamu humlisha. Bustani ya kwanza ya namna hiyo nchini ilianzishwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Saanane, Mwanza. Tangu mwaka 2013 kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa.

Katika hifadhi, mnyama hujitafutia mwenyewe malisho na maji. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 14,763. Kwa kuwa hakuna uzio, mnyama anaweza kutoka. Ndiyo sababu tembo hufika mashambani kwetu.

Nyumbu na ng'ombe

Hatukwenda mbali tukawaona nyumbu. Walikuwa wengi kama siafu. Kati ya Mei na Julai, makundi ya nyumbu hupita upande huu wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, wakifuata majani na maji.

Wafugaji, sikilizeni jambo hili. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Uliua ng'ombe wengi mno, na nyumbu pia. Baadaye ng'ombe walichanjwa. Katika miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu wa Serengeti, ingawa nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Wakati ule nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote.

Kumbe mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye chanjo alimponya na nyumbu, bila kujua!

Bibi na tembo

Mchana tuliwaona tembo. Dereva alizima injini, tukanyamaza. Mbele alitembea jike mzee, na nyuma yake majike wengine na watoto wao.

Niliwaeleza wenzangu kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mwenye umri mkubwa. Yeye ndiye anayekumbuka maji yako wapi wakati wa kiangazi. Tembo jike hubeba mimba kwa miezi 22, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.

Bibi aliwaangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hata huku mwenye mji ni bibi." Sote tukacheka. Lakini yeye hakumaliza. Akasema, "Nimemwona, na ni mzuri. Lakini mahindi yangu bado nayadai."

Tufanye nini?

Septemba 1961, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitangaza kwamba wanyama hawa ni amana tunayowatunzia watoto na wajukuu. Ni kweli. Lakini mjukuu huyo anahitaji pia ugali. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja.

Kwa hiyo, tembo wakiingia shambani, fanya hivi:

Kwanza, usiwakaribie usiku. Mahindi hupandwa tena, mtu hapandwi.

Pili, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, kabla nyayo hazijafutika. Yeye atamwita ofisa wanyamapori wa wilaya aje kupima hasara.

Tatu, andika katika daftari tarehe, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na zao lililoliwa.

Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Si malipo kamili ya hasara, na yana masharti yake. Lakini asiyetoa taarifa hapati kitu. Mwaka jana Bibi hakumwambia mtendaji wala hakuandika popote.

Tulimrudisha Bunda jioni. Kabla hatujaagana, alimwomba mjukuu kalamu. Akafungua daftari lake la kisomo, akaandika juu ya ukurasa mtupu: SHAMBA LANGU. Chini yake akachora mistari ya tarehe.

Maneno mapya

Amana: kitu ulichopewa ukitunze.
Sotoka: ugonjwa mkali wa ng'ombe uliokwisha duniani.
Kifuta jasho: fedha za kumpoza mtu aliyeharibiwa mazao.

Maswali

1. Kwa nini Bibi alikataa kwenda?
2. Bustani ya wanyama na hifadhi zinatofautianaje?
3. Chanjo ya ng'ombe iliwasaidiaje nyumbu?
4. Kijijini kwenu, mtu akiliwa mazao na tembo humwambia nani? Zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike jibu lake.