Je, mtoto wako yuko tayari kwenda shuleni peke yake?

SIMAMA kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku yoyote ya shule. Utawaona. Wengine wamefuatana na mama zao, wengine wamepakiwa watatu kwenye bodaboda moja, na wengine wengi wako peke yao, mikoba mizito mgongoni na usingizi ungali machoni.

Miongoni mwao hutakosa msichana wa miaka tisa hivi aliyemshika mkono mdogo wake wa miaka sita. Anatazama magari, anamtazama mdogo wake, anatazama magari tena. Kisha wote wawili wanakimbia.

Mpenzi msomaji, huenda hao ni watoto wako. Pengine hujawahi kuwaona wakivuka, kwa sababu wakati huo wewe umo ndani ya matatu ukienda kazini.

Makala haya hayana nia ya kumlaumu mzazi. Wengi wetu hatuna gari, nauli ya basi la shule ni ghali, na mwajiri hangoji. Lakini ni vyema tujue kwamba jinsi mtoto anavyosafiri peke yake hutegemea sana yale anayoyaona, kuyasikia na kuruhusiwa nyumbani kwake.

Hatari yenyewe

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa ajali za barabarani huua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Hapa Kenya, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024. Kundi kubwa zaidi la waliokufa lilikuwa la watu waendao kwa miguu.

Mtoto ana udhaifu wake zaidi. Kimo chake ni kifupi, hivyo haoni juu ya gari lililoegeshwa, wala dereva hamwoni yeye. Akili yake nayo bado inajifunza kukadiria mwendo wa gari.

Mwaka wa 1991, Kwame Ampofo-Boateng na James Thomson wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 5, 7, 9 na 11. Watoto waliulizwa mahali gani ni salama kuvuka. Wale wa miaka 5 na 7 walidhani kwamba mahali popote pasipoonekana gari ni salama, hata kama ni kwenye kona au nyuma ya kitu kinachowakinga wasione. Wa miaka 9 walikuwa wameanza kuelewa. Wale wa miaka 11 walielewa vizuri zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walifikia jambo la kushangaza zaidi mwaka wa 2017. Walipowapima watoto kwa barabara ya kuigiza yenye magari mengi, waligundua kwamba ni kufikia miaka 14 tu ndipo mtoto alipovuka kama mtu mzima.

Sasa mrudie yule msichana wetu wa Barabara ya Jogoo. Ana miaka tisa. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kuelewa barabara, na tayari tumemkabidhi roho ya pili.

Mtoto hufuata nyayo zako

Athari ya kwanza ya familia ni mfano. Je, wewe huvuka vipi unapokuwa na mtoto wako?

Pale Barabara ya Thika kuna madaraja ya juu ya waendao kwa miguu. Hata hivyo utamwona mzazi aliyechelewa akiliacha daraja, akimvuta mtoto kwa mkono na kupenya katikati ya magari. Siku hiyo wanafika salama. Lakini mtoto amejifunza somo: daraja ni la watu wasio na haraka. Siku atakapokuwa peke yake naye amechelewa, atafanya alivyoona.

Ukimwambia atumie daraja na wewe hulitumii, ataamini miguu yako kuliko mdomo wako. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Haraka ya asubuhi

Athari ya pili ni utaratibu wa nyumbani. Mtoto anayetoka mlangoni akikaripiwa na kuhofia kiboko cha kuchelewa hawezi kusimama kando ya barabara na kungoja. Mawazo yake yako kwenye kengele ya shule.

Usingizi nao una sehemu yake. Wataalamu wanapendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12 kwa usiku mmoja. Anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri anapaswa kuwa amelala saa moja na nusu jioni, jambo ambalo ni nadra katika nyumba ambamo televisheni huzimwa saa nne.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinataja saa mbili asubuhi kuwa wakati wa masomo kuanza katika shule za kutwa. Ikiwa shule ya mwanao inawataka wadogo wafike gizani, liulize jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi.

Woga uliopita kiasi

Kuna wazazi wa aina nyingine, ambao hawamwachii mtoto hata hatua moja. Woga huu si wa Nairobi pekee. Nchini Uingereza, Mayer Hillman na wenzake waligundua kwamba mwaka wa 1971, watoto 80 kati ya kila 100 wa miaka 7 na 8 walikuwa wakienda shule bila mtu mzima. Kufikia 1990 walikuwa wamebaki 9 tu. Wazazi waliohojiwa walitaja magari kuwa sababu kubwa.

Woga wao ulikuwa na msingi. Lakini mtoto anayebebwa kila siku hadi langoni hajifunzi njia. Hukosa pia mazoezi ya mwili, na WHO inapendekeza dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Kisha siku moja gari linaharibika au yaya anaondoka, naye anaachiliwa ghafla barabarani akiwa na miaka 12 lakini akiwa na ujuzi wa mtoto wa miaka 6.

Katika nyumba nyingi pia mvulana huruhusiwa mapema kuliko dada yake. Wazazi humhofia msichana kwa sababu ya wanaume waovu, na hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, mvulana hajazaliwa na macho bora ya barabarani, na wavulana pia hunajisiwa. Wafundishe wote wawili.

Baba na mama nao waafikiane. Mtoto anayekatazwa na mama kupitia njia ya mkato, kisha baba akamwambia "pitia tu", hubaki bila sheria yoyote.

Mfundishe njiani

Maneno ya nyumbani hayatoshi. Katika mtaa wa Drumchapel mjini Glasgow, Scotland, wazazi wa kujitolea waliwachukua watoto wa miaka 5 hadi 7 hadi barabarani wenyewe na kuwafundisha mambo matatu: kuchagua mahali salama pa kuvukia, kuvuka penye magari yaliyoegeshwa, na kuvuka karibu na njia panda. Watoto hao waliendelea vizuri kiasi kwamba mpango huo ulienezwa kwingineko.

Nawe unaweza kufanya hivyo bila gharama. Fuata hatua hizi:

1. Chagua njia pamoja naye. Iliyo bora ni ile yenye kuvuka barabara mara chache na yenye watu, hata kama ni ndefu zaidi.

2. Tembea naye kwa wiki mbili ukimweleza kila unachofanya. Kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto, gari la kwanza kumfikia hutoka kulia. Kwa hivyo atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mkumbushe kuwa bodaboda huweza kutokea upande wowote.

3. Wiki ya tatu, mwache yeye akuongoze. Akuambie ni wapi mtavuka na kwa nini. Usimsahihishe kwa ukali, muulize, "Dereva anayetoka kwenye ile kona atakuona?"

4. Kisha mfuate kwa nyuma bila kumwita. Hapo ndipo utakapojua ukweli. Akikimbia barabarani anapomwona rafiki yake ng'ambo, rudi hatua ya pili.

5. Anapoanza kwenda peke yake, hakikisha anajua kwa moyo majina yako kamili na nambari yako ya simu. Ajue asipande gari wala bodaboda ya mtu yeyote ambaye hukumwambia, hata kama mtu huyo anamjua kwa jina. Mwonyeshe duka au nyumba mbili njiani anakoweza kukimbilia. Mfundishe pia nambari 116 ya kusaidia watoto, ambayo haitozwi malipo.

Zaidi ya yote, mzoeshe kukueleza yaliyompata njiani. Mtoto anayechapwa kwa sababu alikaribia kugongwa hatakwambia siku mtu atakapomshika vibaya.

Na mdogo wake je?

Hali ikikulazimu kumtuma mkubwa na mdogo pamoja, usimwachie barabara kubwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Wamalize vichochoro wenyewe ikibidi, lakini kwenye barabara ya magari ya kasi awepo mtu mzima.

Mtu huyo si lazima awe wewe kila siku. Wazazi watano wa ploti moja wakikubaliana, kila mmoja atawavusha watoto wote asubuhi moja tu kwa wiki. Mwajiri huweza kukubali kuchelewa kwa dakika ishirini kila Jumanne. Ni rahisi kuliko ruhusa ya kwenda hospitalini.

Usitazame miaka ya mtoto peke yake, wala usitazame shida yako peke yake. Tazama anavyovuka. Kesho asubuhi, toka mapema kidogo, simama mahali asipokuona, na umwangalie mwanao akifika kwenye ukingo wa barabara. Anachofanya hapo ndicho kitakachokuambia kama yuko tayari.