Programu ya Kupunguza Picha Imegoma: Maswali kutoka Manchira

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, au Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi, duka la steshenari halipumui. Kijana anakuja na picha kwenye simu, mfumo unaikataa kwa sababu ni kubwa mno, na mwenye duka ndiye anayetakiwa kuipunguza. Katika Kata ya Manchira, iliyo jirani na Mugumu na inayofahamika zaidi kwa bwawa lake, kazi hiyo wengi wameifanya kwa miaka kwa programu nyongeza ndogo inayojipachika ndani ya File Explorer, lile dirisha la Windows tunalofungulia mafolda. Unabofya kulia juu ya picha, unachagua saizi, umemaliza. Sasa kompyuta zinabadilishwa na nyongeza ile haipo. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi, na nimeyajibu kwa urefu unaolingana na uzito wake.

Nimenunua laptopu yenye Windows 11. Seti-apu yangu ya zamani ya kupunguza picha, niliyoitunza kwenye flashi tangu enzi za XP, inakataa kabisa. Kuna nini?

Flashi yako haina tatizo, ndugu yangu. Ulichotunza ni Image Resizer iliyotolewa na Microsoft yenyewe, katika kifurushi cha zana za bure kilichoitwa PowerToys, kwa ajili ya Windows XP. Zana hizo zilitolewa kama zawadi ya pembeni, bila ahadi ya matunzo. Windows Vista ilipoingia sokoni Januari 2007, kifurushi kile hakikuandikwa upya. Yule aliyehama XP aliiacha nyongeza yake huko huko.

Kuna sababu ya ndani zaidi, na ni vizuri uielewe kwa kuwa utakutana nayo tena. Nyongeza ya namna hii haisimami peke yake kama Word au Excel. Inaingia ndani ya Explorer na kuishi humo, kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Explorer ikibadilishwa, nyongeza inakosa pa kushikilia. Ile ya XP iliandikwa kwa biti 32, na Explorer ya Windows 11 ni ya biti 64. Programu ya biti 32 haiwezi kupachikwa ndani ya ile ya biti 64, hata uisetapu mara kumi.

Kwa hiyo kazi yangu ndiyo imeishia hapo?

Hapana. Watu wengi hukosea hapa: wanatafuta jina la programu iliyokufa, wakati wanachohitaji ni kazi iliyokuwa ikifanywa. Chukua karatasi uandike kazi yenyewe: "Nachagua picha nyingi kwa pamoja, nabofya kulia, zote zinapungua, na za awali zinabaki salama." Ukishaandika hivyo, utaona kwamba kazi yako ina mrithi, tena wa halali.

Zana ya XP ilipokufa, mtaalamu wa programu aitwaye Brice Lambson aliandika nyingine inayofanana nayo, inayofahamika kwa jina la Image Resizer for Windows. Aliigawa bure na kuuweka wazi msimbo wake, ili mtu yeyote aweze kuusoma na kuurekebisha. Ndiyo iliyowavusha watu kwenye Windows 7 na 8. Mwaka 2019 Microsoft iliufufua mradi wa PowerToys, safari hii nao ukiwa na msimbo wa wazi, na mwaka 2020 ikaipokea kazi ya Lambson ndani yake. Kitu kilichoachwa na wenyewe kilitunzwa na mtu mmoja kwa mapenzi yake, kisha wenyewe wakaja kukichukua. Katika ulimwengu wa programu jambo hilo si la kawaida, na mimi naliona ni la kushukuriwa.

Nikishaiweka PowerToys, naitumiaje ili mfumo uikubali picha?

Ipakue kutoka Microsoft Store, au kutoka ukurasa wa Microsoft kwenye GitHub, na si kwingineko. Ukishaisetapu, ifungue uhakikishe Image Resizer imewashwa. Baada ya hapo nenda kwenye folda yako, chagua picha, bofya kulia, na utaona mstari wenye jina Image Resizer.

Wenye maduka wengi huchanganya mambo mawili. Mfumo unapokataa picha, mara nyingi unalalamikia uzito wa faili, yaani KB. Wewe unachobadilisha ni idadi ya pikseli, zile nukta zinazojenga picha. Viwili hivi huenda pamoja lakini si kitu kimoja. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ukiishusha hadi 800 kwa 600 zinabaki nukta 480,000, sehemu moja ya ishirini na tano ya mwanzo. Uzito nao unaporomoka. Kama bado haujafika kikomo kilichoandikwa kwenye fomu, ingia kwenye mipangilio ya Image Resizer ushushe ubora wa JPEG kidogo kidogo. Usiendelee kupunguza nukta hadi sura ya mtu inakuwa vumbi.

Kuna namna tatu za kupunguza: Fit, Fill na Stretch. Kwa picha ya mtu tumia Fit, kwa sababu inaihifadhi picha yote na uwiano wake. Fill hujaza saizi uliyotaka kwa kukata kingo, na kingo zenyewe zinaweza kuwa masikio ya mteja wako. Stretch huvuta, uso mrefu unakuwa mpana. Picha ya maombi ya mtu usiiguse kwa Stretch.

Jambo moja zaidi, nalo nakusihi ulizingatie. Kuna kisanduku kidogo kinachosema picha za awali zibadilishwe zenyewe bila kutengeneza nakala. Usikitie tiki. Kiache wazi, na programu itatengeneza nakala mpya yenye jina la saizi kwenye mabano, huku picha ya mteja ikibaki kama alivyokuletea. Niliwahi kukiwekea tiki kwenye folda ya picha za harusi ya jamaa yangu kwa sababu nilikuwa na haraka. Picha kubwa zote zikageuka ndogo, na ndogo huwezi kuzirudisha kuwa kubwa. Mama wa bibi harusi nilimweleza mwenyewe.

Mimi bado nina Windows 7, na bando langu ni la kubahatisha. Hiyo PowerToys naisikia ni nzito.

Ni kweli, seti-apu yake ni mamia ya MB, na haikubali Windows 7; inataka Windows 10 ya matoleo ya karibuni au Windows 11. Kwa mashine yako itakufaa ile ya Lambson, ambayo ni ndogo sana na inakwenda vizuri kwenye Windows 7.

Utaambiwa pia utumie IrfanView. Ni programu nzuri, nyepesi, iliyopo tangu 1996, na inaweza kupunguza mamia ya picha kwa mkupuo. Lakini soma masharti yake: ni bure kwa matumizi ya nyumbani na ya shule, na duka la biashara linatakiwa kulipia leseni. Wewe unatoza shilingi kwa kila picha, kwa hiyo uko upande wa kulipa. PowerToys imetolewa kwa leseni ya MIT, inayoruhusu kuitumia hata kibiashara bila malipo. Hiyo ni sababu yangu nyingine ya kuipendekeza kwa wenye mashine mpya.

Na kwa kuwa umeitaja Windows 7 mwenyewe, niruhusu niseme. Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye mashine hiyo unafungua akaunti za watu zenye namba za NIDA na vyeti vyao. Anza kuweka akiba ya kuibadilisha.

Kuna kijana aliniletea seti-apu aliyoipata mtandaoni. Nitajuaje kama ni salama?

Usiifungue kwanza. Nikupe kisa kilichotokea kweli. Kulikuwa na nyongeza maarufu ya Windows iitwayo Classic Shell, ya Ivo Beltchev, iliyowarudishia watu menyu ya Start ya zamani na vitufe vilivyoondolewa kwenye Explorer. Mwezi Agosti 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti iliyokuwa ikiisambaza na kubadilisha seti-apu yake. Waliopakua katika saa hizo chache waliharibiwa sehemu ya diski inayoiwasha kompyuta, na wakiwasha tena mashine inagoma. Tovuti ilikuwa ile ile, jina la faili lile lile.

Baadhi ya waliosalimika walisalimika kwa kusoma. Seti-apu halisi ilikuwa na sahihi ya kidijitali yenye jina la Beltchev. Ya bandia haikuwa nayo, na Windows ilipouliza ruhusa iliandika kwamba mtoaji hajulikani. Basi kile kidirisha kinachouliza Yes au No usikibofye kwa mazoea. Soma jina la mtoaji. Programu inayodai ni ya Microsoft huku mtoaji hajulikani, ifute.

Hatari huongezeka pale programu inapoachwa. Mwenyewe hayupo, anwani za zamani hazifunguki, na pengo hilo hujazwa na tovuti zinazojiita za "kupakua bure" ambazo hufunga matangazo na uchafu mwingine pamoja na seti-apu. Image Resizer ya Lambson ilikuwa ikipatikana kwenye tovuti ya CodePlex, ambayo Microsoft iliifunga Desemba 2017. Anayefuata mwongozo ulioandikwa kabla ya hapo anaweza kuishia mikononi mwa wasiomtakia mema.

Classic Shell yenyewe Beltchev aliiacha Desemba 2017, akaacha msimbo wake wazi, na wengine wanaiendeleza kwa jina la Open-Shell.

Nimeweka nyongeza kwenye Windows 11, lakini nikibofya kulia siioni.

Windows 11 ina menyu fupi mpya, na nyongeza nyingi za zamani zimesukumwa nyuma yake. Bofya mstari wa chini, "Show more options", au shika Shift na F10. Menyu ya zamani itafunguka, na nyongeza yako imo humo.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu. Nilikuwa na nyongeza ya kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa pamoja, na nyingine ya kufungua mafolda kwa vichupo kama kwenye kivinjari. Zote zimegoma.

Marahaba, Mwalimu. Vichupo huhitaji kuvitafutia nyongeza tena: tangu toleo la 2022 la Windows 11, Explorer inavyo yenyewe, bonyeza Ctrl na T. Ndiyo maana nasema kabla ya kutafuta mbadala, angalia kwanza kama mfumo wenyewe haujajifunza kazi hiyo.

Kwa majina, ndani ya PowerToys ile ile kuna PowerRename. Chagua mafaili yote ya mitihani, andika maneno ya kuondoa na ya kuweka, na itakuonyesha orodha ya majina mapya kabla hujakubali. Ipitie orodha hiyo polepole. Mafaili ya matokeo ya wanafunzi 200 yakichanganyika majina, kuyapanga upya ni kazi ya wiki.

Na sisi wa Linux?

Ukiwa na Linux Mint, tafuta kifurushi kiitwacho nemo-image-converter. Kinaingia kwenye Nemo, programu yake ya mafaili, na kinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa wa Ubuntu, fahamuni kwamba programu yenu ya mafaili ilibadilishwa msingi mwaka 2022 katika GNOME 43, na nyongeza nyingi zilikatika siku hiyo. Msiongeze nyongeza yoyote bila kuona kwamba imetolewa upya baada ya mwaka huo.

Nifanye nini ili nisikwame tena?

Kabla ya kuitegemea programu yoyote nyongeza, angalia tarehe ya toleo lake la mwisho. Iliyokaa miaka minne bila kuguswa ina mguu mmoja kaburini. Pili, angalia kama msimbo wake uko wazi, kwa maana iliyo wazi inaweza kupata mlezi mwingine kama ilivyopata Image Resizer. Iliyofungwa hufa na mwenyewe. Tatu, ijaribu kwenye mashine moja kwa wiki nzima kabla ya kuisambaza kwenye nyingine zote za dukani.

Na usisubiri msimu. Wenye maduka wa Manchira, changishaneni bando la kupakua PowerToys mara moja, itieni kwenye flashi moja, mpitishiane. Kila mmoja aisetapu na kuijaribu kwa picha kumi za nyumbani kwake wiki hii, kabla foleni haijafika mlangoni. Dirisha la maombi lina tarehe ya kufungwa, na kijana aliyekosa mkopo kwa sababu ya picha hawezi kurudishiwa mwaka wake.