Kampuni ya Mtandao na Maneno ya Wateja Wake

SWALI: Mtu akinizulia uongo Facebook hata nikahofia uhai wangu, je, naweza kuishitaki kampuni yenyewe, au ni mwandishi tu?

JIBU: Mwandishi hana udhuru, mjadala u juu ya kampuni. Marekani, kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 hakiihesabu kampuni kuwa mchapishaji wa maneno ya wateja wake, ilhali Ulaya, kinga hiyo hudumu maadamu kampuni haina habari ya uovu, nayo ikiarifiwa ikapuuza, kinga huondoka.

Kwetu, kesi ya kutazamwa i Nairobi. Profesa mmoja wa kemia wa Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa mlangoni pake Novemba 2021, baada ya Facebook kubeba maandishi yenye jina lake, picha yake na mahali pa kazi yake. Na mwanawe, adaiye kuwa aliiarifu kampuni asisikizwe, akaishitaki Meta, kampuni yenye kumiliki Facebook, mwaka 2022. Kampuni ikakana mamlaka ya mahakama ya Kenya, lakini Aprili 2025 Mahakama Kuu ikakata kauli kuwa yaweza kuisikiliza. Uamuzi huo naukiri kuwa wa insafu, kwani avunaye faida katika kila nchi hastahiki kujibu katika nchi moja tu.

Basi, ndugu msomaji, hifadhi picha za maandishi hayo pamoja na tarehe na anwani zake, iarifu kampuni kwa maandishi, utunze nakala, kisha umwone wakili. Na ukitishiwa maisha, tangulia polisi.