Shahada ya Uhandisi wa Kompyuta: Gharama Yake na Faida Yake

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Wafanya biashara hulishika sana neno hili, lakini sisi wanafunzi mara nyingi twaliacha nje ya mlango wa shule, kana kwamba elimu si mali. Walakini elimu nayo ina bei, na mwenye kuilipa yampasa ajue analipa nini na anatazamia kupata nini.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho hapa Musinzira, na kwetu ni Muyinga. Nilipowaeleza wazee wangu kwamba nataka kusomea uhandisi wa kompyuta hawakunikataza. Waliniuliza tu: "Itatugharimu nini, na itarudisha nini?" Swali hili ni la haki, maana ng'ombe atakayeuzwa kwa ajili yangu hawezi kuuzwa mara ya pili kwa ajili ya dada yangu anayenifuata. Basi nimeifanya hesabu, nami naiweka hapa ili wenzangu waipime.

Kwanza yafaa tuifahamu kazi yenyewe. Wengi hudhani kuwa mhandisi wa kompyuta ni mtu wa kupiga chapa, au wa kufufua mashine iliyokufa. Hizo ni kazi njema, nazo hufunzwa kwa miezi michache. Mhandisi hujifunza mambo mawili pamoja: mashine, yaani umeme na saketi zake, na programu, yaani maagizo yanayoiongoza mashine. Mtu wa namna hiyo aweza kuunda chombo cha kupima maji ya mto na kupeleka habari mbali, au kuangalia mitambo ipitishayo fedha katika simu, kama Lumicash.

Pili, gharama. Katika Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, shahada ya kwanza ni ya miaka 3, na ya pili ni miaka 2 tena. Tangu mageuzi ya mwaka 2017, fedha ambazo serikali humpa mwanafunzi wa chuo si zawadi tena bali ni mkopo. Karo na mkopo kila mtu huviona. Gharama iliyo kubwa kuliko hizo haionekani, nayo ni mshahara ambao kijana angaliupata kama angalifanya kazi miaka hiyo yote.

Nachukua mfano wa hesabu tu. Si mishahara ya mahali fulani. Tuseme fundi mwenye diploma ya A2 hupata faranga 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400,000, na kwa miaka 5 ni 12,000,000. Aliye chuoni hazipati hizo. Tuongeze karo, vitabu na pango la chumba, tuseme 1,000,000 kila mwaka, yaani 5,000,000. Jumla ni faranga 17,000,000. Tuseme tena kwamba mhandisi hupata 350,000 kwa mwezi, yaani humzidi fundi kwa 150,000, au 1,800,000 kwa mwaka. Gawanyeni: itampasa afanye kazi miaka 9 na zaidi ya miezi 5 ndipo gharama irudi. Aliyeingia chuoni ana miaka 20 atakuwa amepita 34.

Sasa tazameni jambo hili. Akimaliza masomo akakaa mwaka mzima bila kazi, amepoteza 2,400,000 nyingine, nazo humdai mwaka 1 na miezi 4 zaidi. Bali mwanafunzi ambaye kila likizo hutengeneza simu na kompyuta za watu akapata 400,000 kwa mwaka, kwa miaka 5 amekusanya 2,000,000, na amepunguza zaidi ya mwaka mmoja. Tena siku ya kutafuta kazi ana wa kumshuhudia kwamba mikono yake inajua. Kwa hiyo si shahada peke yake inayoleta faida. Ni shahada pamoja na kutokukaa bure.

Tatu, tuulize ni kitu gani kitakachobaki. Mashine huzeeka upesi. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa mikroprosesa yake ya kwanza, yenye transista 2,300. Za leo zina mabilioni. Aliyejifunza kubonyeza mashine moja tu hupitwa nayo. Lakini kanuni ya umeme aliyoiandika Georg Ohm mwaka 1827, na hesabu ya kweli na uongo aliyoieleza George Boole mwaka 1854, zingali zinatumika katika kila saketi. Hayo ndiyo yanayostahili miaka 5 ya mtu. Mengine aweza kuyapata kwa masomo mafupi.

Nne, kazi iko wapi? Sharti la kwanza ni umeme, na Warundi walio wengi hawajaupata nyumbani. Hata hivyo mambo yanakwenda. Mitambo ya maporomoko ya Rusumo, yenye megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, ina njia ya waya inayopita Muyinga kuja hapa Gitega. Kila mahali umeme ufikapo, watahitajiwa watu wa kuunganisha na kutunza vyombo. Tena nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Mwenye Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza aweza kutafuta kazi hata Dar es Salaam au Nairobi. Basi Kiingereza nacho kiandikwe katika daftari la gharama.

Shauri langu ni hili. Anayependa hesabu na fizikia, na asiyeona haya kushika bisibisi likizoni, asiogope miaka 5. Anayetaka kazi upesi ili awasaidie wadogo zake aanze na ufundi; hiyo si aibu, na mlango wa chuo haufungwi. Lakini anayeitaka shahada kwa ajili ya jina lake tu, asimwuze ng'ombe wa wazee.

Nanyi mliotutangulia, mliokwisha pita njia hii, tuandikieni katika kurasa hizi tarakimu zenu za kweli, ili wanaotufuata wahesabu vizuri kuliko sisi.