Somo la Wiki: Kibali Kwanza, Dishi Baadaye

Mfanyabiashara wa Rwamishenye anayetaka kuonyesha mpira kwa kiingilio hupiga hesabu ya dishi, king'amuzi, televisheni na mabenchi. Mara nyingi husahau kibali. Ukumbi ukifungwa, kodi ya pango huendelea kudaiwa na mtaji huliwa.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1956. Inamtaka mtu kupata idhini kabla ya kuendeleza ardhi katika eneo la mipango. Kuendeleza ni kujenga, na pia kubadili matumizi ya jengo. Kwa Rwamishenye, mamlaka husika ni Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba.

Hapo ndipo penye somo. Dishi la kutazamia sebuleni halibadili matumizi ya nyumba. Dishi hilohilo likifungwa ili watu walipe kiingilio, nyumba ya kuishi imegeuka ukumbi wa biashara. Aidha, nguzo ya zege ya kubebea dishi kubwa ni kazi ya ujenzi. Huko Uingereza mwenye nyumba huruhusiwa kufunga madishi mawili bila kuomba, kwa masharti: moja lisizidi sentimita 100, la pili 60. Kwetu, mfanyabiashara aanze na swali la matumizi, kisha ukubwa.

Kibali si karatasi tu
Bukoba iko karibu na Ikweta, hivyo baadhi ya setilaiti ziko karibu utosini. Dishi kubwa lenye kichwa katikati hulala kama sinia na kukinga mvua, na uzito wote huangukia paa na ukuta. Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliwaonyesha wakazi wa Bukoba thamani ya ukuta imara.

Utaratibu wa kufuata
1. Pata ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba.
2. Muone ofisa mipango miji wa Manispaa.
3. Kata leseni ya biashara.
4. Uliza kampuni ya matangazo kuhusu malipo ya maonyesho ya hadhara. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani.

Gharama hizo zote ziingie katika hesabu ya mtaji. Hesabu ikikubali, ndipo ununue dishi.